TCP au UDP kwa sauti ya mechi kutoka uwanjani?

Mkuu, umeuliza utume sauti ya mechi kwenda studio kwa TCP au UDP (njia mbili za kusafirisha data mtandaoni), na intaneti yenyewe ni ya laini ya simu. Weka UDP, na juu yake RTP, itifaki ya kubeba sauti na video za moja kwa moja. Kazi hiyo nimeifanya redio ya mkoani, na nilikuta wenyeji wanatumia TCP.

Tatizo la TCP ni kwamba haikubali kuruka kitu. Pakiti moja (kifurushi kidogo cha data) ikipotea, zilizofika nyuma yake zinashikiliwa hadi ile itumwe upya. Goli limefungwa, mtangazaji anapiga kelele, studio kimya! Halafu sauti yote inamwagika kwa mpigo, na kuanzia hapo mko nyuma. Kipindi cha pili sisi bado tunatangaza kona, wenye TV wameshashangilia goli.

Ila usitumie UDP tupu. Hedi yake (maelezo yanayotangulia data kwenye kila pakiti) ni baiti 8 tu, haina namba ya mfuatano wala muda, hivyo studio haiwezi kujua ipi imepotea na ipi imechelewa. RTP inaongeza baiti 12 zenye hivyo vyote.

Kodeki (programu ya kubana sauti) chukua Opus, vipande vya milisekunde 20, uwashe FEC yake ya ndani, yaani kinga dhidi ya pakiti kupotea. Kwa sauti ya kuongea, pakiti inabeba pia nakala hafifu ya kipande kilichotangulia, basi ikidondoka moja, inayofuata inaziba pengo. Hapa wengi wanakwama: wanaiwasha lakini asilimia ya upotevu unaotarajiwa kwenye mipangilio wanaiacha sifuri, na ikiwa sifuri haifanyi chochote. Anza na 10. Studio iwe na bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya milisekunde 200 hivi.

Uwanja ukijaa mnara unaelemewa, na UDP haipunguzi mwendo yenyewe. Shusha Opus hadi kilobiti 24 kwa sekunde. Usisahau hedi za IP, UDP na RTP: baiti 40 kwa pakiti, pakiti 50 kila sekunde, hiyo ni kilobiti 16 nyingine.

Ingekuwa video ningekwambia SRT, itifaki nyingine ambayo nayo hupita juu ya UDP, inarudia kutuma kilichopotea lakini ndani ya muda unaoupanga wewe.

Kingine, simu ya uwanjani ndiyo ianzishe muunganisho kwenda studio. Laini nyingi za simu hazina anwani ya IP ya peke yake, kwa hiyo studio haiwezi kuifikia moja kwa moja; bandari (port, mlango wa data) ifunguliwe kwenye ruta ya studio.