Maji ya Lamu, mashine ya makapi na kompyuta ya kwanta

SWALI: Assalaam aleikum. Nimesikia kwamba zamani jedwali la maji kujaa na kupwa lilitengenezwa kwa mashine ya magurudumu. Ilifanyaje kazi? Na hizi kompyuta za kwanta zitatupa jedwali sahihi zaidi?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam. Ni kweli. Mashine ya kwanza ilibuniwa na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, ikaundwa Uingereza mwaka 1872 hadi 1873. Kujaa na kupwa ni jumla ya mawimbi mengi: la mwezi hurudi kila saa 12 na dakika 25, la jua kila saa 12 kamili. Yakienda pamoja tunapata bamvua (maji hujaa na kupwa sana), yakipingana maji mafu (hujaa na kupwa kidogo). Mashine ile ilijumlisha mawimbi 10.

Kila wimbi lilikuwa na magurudumu yake ya meno, yaliyozungusha mkono uliopinda, nao ukapandisha na kushusha kapi, yaani gurudumu dogo la kupitishia waya. Waya mmoja, uliofungwa ncha moja, ulipita juu ya kapi hili na chini ya lile mpaka kwenye kalamu. Kwa kuwa makapi yote yalivuta waya huohuo, kalamu ilichora jumla yao. Maji ya mwaka mzima ya bandari moja yalichorwa kwa saa nne hivi.

Kazi ngumu ni kuipanga kabla ya kuanza. Urefu wa mkono ni ukubwa wa wimbi katika bandari ile, na pembe ya kuanzia ni wakati wake. Ukikosea pembe ya wimbi la mwezi kwa nyuzi 29, wimbi hilo linachelewa au kuwahi saa nzima. Waya ukilegea, au meno yakilika, mchoro unapotoka.

Kompyuta ya kwanta haitasaidia hapa. Hata mawimbi 37, simu ya kawaida inayajumlisha papo hapo. Kubiti zake (vipande vidogo vinavyobeba hesabu) nyingi hupozwa mpaka karibu na nyuzi -273 za selsiasi, na bado joto kidogo au kelele za umeme mara nyingi huziharibia hali yao kabla ya milisekunde kwisha. Tena kila ukizipima unapata jibu moja tu, hivyo hesabu hurudiwa mara nyingi. Zinafaa kwa mambo mengine: kuchunguza molekuli, au kutafuta namba zinazozidishwa kupata namba kubwa, kwa mbinu ya mwanahisabati Peter Shor ya 1994.

Jedwali likikosea Lamu, tazama kwanza upepo na mgandamizo wa hewa, kisha vipimo: maji yapimwe kila saa kwa takriban mwaka mzima, kwa kipimo kisichosogezwa.