Treni ya kuzunguka mti wa Krismasi: shemeji alete ya Marekani au ninunue ya betri?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mie nakaa Tomondo, nna watoto wawili, mkubwa miaka saba yuko skuli, mdogo mwaka na nusu ndo kwanza anakimbia kimbia. Mkubwa kaona kwenye simu treni ndogo inazunguka mti wa Krismasi, basi tangu siku hiyo hatulali. Shemeji yangu yuko Chicago anakuja Disemba, kasema atatununulia seti ila anauliza tunataka HO au O, na mie sijui hata ni nini hivyo. Huku mjini nimeona za plastiki tu za betri. Mti wetu ni mvinje, tunakata tawi kubwa tunaliweka kwenye ndoo ya mchanga. Ukumbi wenyewe mdogo, chini vigae. Nimwambie alete ipi, na itawaka kwa umeme wetu?

JIBU: Dada yangu, mambo ya HO na O tutafika, lakini kwanza mwambie shemeji akiwa dukani ageuze boksi asome ile adapta ya kuchomeka ukutani. Hapo ndo treni za Marekani zinapofia Unguja. Kwao umeme ni volti 120 hezi 60, kwetu 230 hezi 50. Akikuta pale kwenye INPUT, yaani umeme unaoingia, pameandikwa 100-240V hiyo haina neno, huku utatafuta kichwa cha plagi cha pini tatu tu basi. Akikuta 120V peke yake, ukiichomeka umeiua. Na kile kichwa cha plagi cha kusafiria kinabadilisha umbo la pini, volti zinapita zote kama zilivyo, watu wengi wanaponzeka hapo wakidhani wameshamaliza.

Nakwambia kwa uchungu maana niliunguza moja mwenyewe. Mie siku kuu yangu Idi, lakini ikifika mwezi wa kumi na mbili meza yangu inajaa vitreni vya mahoteli ya shamba na vya watu wa mjini, na mwaka wa kwanza kabisa nililetewa kimoja nikachomeka nijaribu kwanza kusoma baadae, transfoma ikalia mmmm kama nyuki, ikanuka, ikatoa moshi, yote hayo hata sijaweka kikombe cha chai chini. Fyuzi ya plagi wala haikukatika, maana ile ya ampea 13 imewekwa kulinda waya, kitransfoma cha wati ishirini kinaungua kikaisha yenyewe imekaa kimya inatazama. Nikamlipa mwenyewe mali yake.

Ikitokea seti mnayoitaka ni ya 120V tu, basi nunua ile transfoma nzito ya kushusha 230 kwenda 110, madukani ya umeme zipo. Treni za kuanzia hazili umeme mwingi, seti za rimoti za siku hizi za Lionel, kampuni ya Kimarekani, wanazoziita LionChief, adapta yake inatoa volti 18, ukipiga kwa ampea 2 ni wati 36 hivi, kwahivo transfoma ya wati 100 inatosha na chenji inabaki. Usichukue zile nyepesi za bei poa zilizoandikwa za pasi na hita, hizo hazifai kwa vitu vya elektroniki. Na kama unaogopa tukuza yako, mita ya umeme wa kulipia kabla, wati 36 masaa matano kila siku kwa siku kumi na mbili haifiki hata uniti tatu, friji lako linakula zaidi na halichezi na mtoto.

Haya sasa HO na O. Hizo ni saizi. HO imepunguzwa mara 87 kulinganisha na treni ya kweli, upana kati ya reli na reli milimita 16.5, behewa lake unalishika kwa mkono mmoja na nafasi inabaki. O ya Kimarekani imepunguzwa mara 48, reli za nje zimeachana kama milimita 32 na katikati inapita reli ya tatu inayobeba umeme. Kuna na N ambayo reli zake zimeachana milimita 9 tu, hiyo usiitie hata kwenye mazungumzo, na kuna G kubwa kabisa ya milimita 45, nzuri sana mashallah lakini duara lake dogo la kawaida linataka kama mita moja na robo na bei yake ni ya watu wa mahoteli.

Watu wanadhani O kwa vile ni kubwa itakula ukumbi mzima. Si kweli, kwa seti za kuanzia. Reli za kona za HO zinazokuja kwenye boksi zina nusu kipenyo cha inchi 18, yaani duara zima inchi 36. Reli za O zinazokuja kwenye seti nyingi za Lionel zinaitwa O36, na hiyo 36 ni kipenyo cha duara kwa inchi. Yaani sawa sawa, sentimita 91 kila moja, ukiongeza kingo za msingi wa plastiki unasema mita moja na kidogo. Kwahivo kwa mti wa Krismasi swali la nafasi halitofautishi kitu hapo, chukua utepe wa fundi cherahani upime mita moja na nusu kila upande ukutani hadi kochi, ikipatikana imekwisha. Ila usisahau kwenda juu pia, behewa la HO urefu wake kwenda juu kama sentimita tano sita, la O linakaribia kumi, na tawi la mvinje la chini likining'inia litalifagia.

Na huo mvinje ndo unaoniamulia mie. Mti wa plastiki wa dukani haudondoshi kitu cha maana, lakini mvinje uliokatwa siku ya pili tu unaanza kupukutisha vile vijiti vyembamba vya kijani, na ukingo wa gurudumu la HO, ule unaolishika reli lisitoke, haufiki hata milimita moja. Kijiti cha mvinje unene wake karibu na huo huo. Kikilala juu ya reli kwenye kona gurudumu linapanda, treni inaanguka, mtoto analia, wewe umepiga magoti na tochi ya simu. Nimeona haya kila mwaka. Magurudumu ya O yana kingo nene zaidi na kichwa cha treni chenyewe kizito, kijiti hicho hicho inakikanyaga inapita. Sisemi haitaanguka kabisa, nasema utapiga magoti mara moja kwa jioni badala ya mara kumi.

Kwahivo jibu ni O, na iwe ya rimoti, mtoto wa miaka saba anaiendesha mwenyewe bila kugombania kontrola iliyofungwa waya. Bei yake iko juu ya HO, hilo sikufichi, shemeji ajue mapema asije akageuka dukani. Akisema haiwezekani, pesa ya HO tu ndo ipo, basi si mbaya lakini iwekwe juu ya meza chini ya kimti kidogo, na amwambie muuzaji anataka reli za nikeli silva, madini yasiyoota kutu kama chuma. Kampuni ya Bachmann kwa mfano wanauza reli za aina mbili zinafanana, zenye msingi mweusi chuma chake ni cha kawaida, zenye msingi wa kijivu ni nikeli silva, na seti za bei ya chini mara nyingi ndani huwa mna hizo nyeusi. Kwa Chicago labda haina shida kubwa. Kwetu hapa chumvi iko hewani, kitasa cha mlango kinaota kutu seuze reli, na HO inachukua umeme kupitia pale gurudumu linapogusa reli, pakiwa na kutu au uchafu inakwenda kwa kushtuka shtuka kama daladala inayoishiwa mafuta.

Reli za O nazo nyingi ni chuma kilichopakwa madini mengine juu, kwahivo usizisugue na msasa hata siku moja, ukikwangua lile tabaka la juu kutu imepata mlango. Kitambaa cha pamba kisichotoa manyuzi, spiriti kidogo ya duka la dawa, umechomoa umeme kwanza, unafuta reli zote na magurudumu, imetosha.

Kuna jambo jengine watu hawalifikirii, mapambo. Zile nyuzi za kung'aa za rangi ya fedha, kuna nyengine zina madini ndani, ikidondoka ikalala juu ya reli mbili hiyo ni shoti. Adapta nzuri inajikata yenyewe, mbaya inaungua. Na ile pamba watu wanatandaza chini iwe theluji, inajisokota kwenye ekseli mpaka mota inakwama. Theluji Tomondo ya nini lakini.

Sasa huyu mdogo wa mwaka na nusu. Volti 18 za kwenye reli hazimdhuru akizigusa, hofu yangu iko kwingine. Vifundo vidogo vya mabehewa, mizigo midogo midogo, vyote vinaingia mdomoni. Rimoti ina betri, hakikisha kifuniko chake kinafungwa kwa skrubu. Na kichezeo chochote chenye zile betri bapa kama kitufe, iwe treni iwe taa za mti, usikiingize nyumba yenye mtoto wa umri huo, ikimezwa inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya masaa mawili, hapo ni hospitali mbio, hakuna kusubiri itoke. Kama treni inatoa moshi itakuja na kichupa cha mafuta ya moshi, kifungie kabatini juu, treni itakwenda bila moshi hivo hivo.

Za betri za plastiki ulizoziona mjini sizidharau. Kama shemeji ataahirisha, au ukiona mdogo mkorofi sana, nunua hiyo mwaka huu na O isubiri. Chagua yenye magurudumu makubwa, na pale dukani omba waunge vipande vitatu vya reli uvinyanyue kwa upande mmoja, vikiachana hapo hapo basi na nyumbani vitaachana. Waombe waiwashe ivute mabehewa yake yote, siyo kichwa peke yake, kichwa peke yake zote zinakimbia. Siku kuu ikiisha toa betri, maana betri zikivujia mle ndani na joto la huku, mwakani utaniletea mie.

Vigae vyako viko sawa, bapa na magumu, tatizo reli zinateleza na kelele inakuwa kubwa. Usitandike kanga moja kwa moja chini ya reli, inakunjika na manyuzi yanaingia kwenye gia. Mwendee fundi seremala, plaiwudi nzima ni futi nne kwa nane, akukatie nusu ubaki na futi nne kwa nne, hiyo ni mita 1.22 kila upande na duara la O36 linakaa juu yake, zile reli za kunyooka zitabaki ndani ya boksi. Toboa katikati kama ndoo yako ni kubwa, au kata ndoo fupi. Siku ya kupiga deki unachomoa waya, mnasogeza kitu kizima. Na ule mchanga wa ndoo unyunyize maji kidogo kidogo, yakimwagika yanafuata vigae mpaka kwenye adapta, kwahivo adapta isikae chini, itundike.

Umeme ukikatika chomoa, usisubiri urudi. Iendeshe nusu saa ipumzike, mota ndogo zinachemka. Ikianza kulia weka tone moja la mafuta ya cherahani kwenye ekseli, tone, sio kijiko, na mafuta ya nazi hapana, kuna mtu alinitia ya nazi nikakaa siku mbili nakwangua gia. Ukimaliza iweke kwenye boksi la plastiki lenye kufunga vizuri na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu, masika ya huku yanaingia popote.

Na huyo mkubwa akikuuliza kwa nini Zanzibar hakuna treni, mwambie zilikuwepo. Sultani Sayyid Bargash aliweka reli kutoka mjini hadi Chukwani mwaka 1879, hapo hapo jirani zenu, mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, halafu akaagiza kichwa cha mvuke kutoka Uingereza. Na 1905 ikaja ile ya Bububu kutoka Ngome Kongwe, maili saba hivi, walijenga Wamarekani, ikapakia abiria hadi 1922. Mpeleke Chukwani jumapili moja atafute reli, hataiona lakini atachoka alale.

Shemeji akishika boksi apige picha ya lebo ya adapta kabla hajalipa, INPUT na OUTPUT zote zionekane, na uangalie OUTPUT, umeme unaotoka, ni wa aina ya AC au DC maana ikiharibika ntahitaji kujua. Nitumie ntakwambia siku hiyo hiyo, ila isiwe wakati wa Ijumaa.