Ulevi mwaloni: kabla ya kuitisha mkutano, angalieni mgao unatolewa wapi

Mkuu, umeuliza vijana wa mtaa wanaotaka watu wapunguze pombe waanzie wapi, na wengi wamekujibu muitishe mkutano, mwalike mchungaji na shehe. Sisi tulianza hivyo hivyo. Niko mwalo mmoja, yaani pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, upande wa Igombe, Ilemela, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, kwa wavuvi wa dagaa. Mkutano ulijaa, watu wakapiga makofi, na jioni ile ile wakaenda kunywa.

Kilichotufumbua macho ni mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikishika, taa haina nguvu tena ya kuwavuta, mitumbwi inapandishwa mchangani na vijana wanakaa wiki nzima au zaidi bila kazi. Siku hizo hizo ndipo matajiri wa mitumbwi wanapopiga hesabu. Kwetu mgao wa pesa za uvuvi ulikuwa unatolewa grosari, yaani baa ndogo ya mtaani, saa kumi jioni, na tajiri anakata kwanza bili ya chupa. Mvuvi anapokea jasho lake akiwa ameshakaa mezani. Hapo utamhubiria nini?

Tuliwafuata matajiri mmoja mmoja, tukiongozana na wazee wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Tuliwaomba jambo moja tu: mgao utolewe asubuhi, kwenye ofisi ya BMU, na mwenye mke aje naye. Wawili walikataa katakata, wengine wakakubali kujaribu. Kikundi chetu cha hisa, cha kuweka na kukopeshana, nacho kikahamishia kikao chake siku hiyo, saa tatu, ili pesa iingie kwenye sanduku kabla jua halijapanda. Watu hawakuacha pombe, nisikudanganye. Ila mama mwenye duka alituambia daftari lake la madeni limeanza kufutika, na mimi habari hiyo naiamini kuliko makofi ya mkutanoni.

Sasa nikuambie tulipokosea, maana hili linaua. Tulikuwa na fundi wa nyavu aliyekuwa anaamka na gongo, pombe kali ya kupikwa kienyeji, kabla ya chai. Akasimama mbele ya watu, akasema ameacha leo leo. Tukamshangilia. Siku ya pili sindano ya nyavu ilimdondoka mara tatu nikimtazama, mikono inatetemeka. Usiku wa tatu akawa anakung'uta shuka, anasema limejaa siafu, kisha akaanguka kifafa. Tulimkimbiza kituo cha afya kwa bodaboda, mimi nimemshikilia kwa nyuma. Daktari akatueleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukikatiwa ghafla, mtu anaweza kupata kifafa na hata kufa. Huachishwa kwa dawa na uangalizi. Alipona, Mungu mkubwa. Tangu siku hiyo kila anayetaka kuacha tunamuuliza kwanza: ukiamka, mikono inatulia bila kuzimua, yaani bila kunywa kwanza? Akisema haitulii, tunaanzia kwa daktari, tena tunaenda naye.

Viroba, zile pombe kali za pakiti ndogo za plastiki, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulipata nafuu, kwa kuwa vijana walikuwa wanapanda navyo mtumbwini mfukoni, na mlevi akitumbukia ziwani usiku humwoni. Lakini baadhi yao walihamia gongo, ambayo hakuna anayejua ukali wake.

Na wanaopika gongo msiwavamie. Tulimwendea mama mmoja, akatuuliza: "Wanangu, sare za watoto mtanunua ninyi?" Swali la haki kabisa. Kikundi cha hisa kikamkopesha akaanza kununua dagaa wabichi na kuanika. Masika yaliyopita dagaa hao walimwozea mchangani, akarudi kwenye pipa. Hakuna aliyemsema. Sasa hivi tunamchangia mbao na nyavu chakavu za kutengenezea kichanja cha kuanikia dagaa juu ya mchanga, tunataka kiwe kimesimama kabla ya mvua za Machi.