Shingo, ekstensheni na mlango wenye kufuli: maswali yenu ya ofisini

Kwa wageni, mimi ni yule mtu wa utawala ofisini, anayepigiwa simu taa ikiungua, choo kikiziba, kiti kikivunjika mguu. Sio daktari na sio injinia. Nimechagua maswali matano, nayajibu ninavyojua.

Kaka, mimi ni mhasibu, ofisi yetu iko Posta, Dar. Natumia laptopu kutwa nzima, jioni shingo na mabega vinawaka moto. Bosi anasema kiti kizuri ninunue mwenyewe. Nianzie wapi?

Pole dada. Kwanza usianzie kwenye kiti. Najua kila mtu anakimbilia kiti, tena kile chenye wavu mgongoni, ila mchawi wako ni hiyo laptopu. Kioo na kibodi vimeshikana, ukipandisha kioo mikono inaning'inia, ukishusha mikono shingo inainama, na kichwa cha mtu mzima kina kilo kama nne na nusu mpaka tano hivi, kikiinama mbele misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inakibeba toka asubuhi mpaka unafunga hesabu. Sasa vitenganishe. Chukua rimu mbili za karatasi za A4 ambazo hazijafunguliwa, kila moja ina unene wa kama sentimita tano, panga, weka laptopu juu, kama wewe ni mrefu ongeza ya tatu, mpaka ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo. Kisha tafuta kibodi ya nje na mausi, Kariakoo vipo vya bei ya kawaida kabisa, viweke karibu na wewe ili viwiko vikae ubavuni vimekunjika kama herufi L. Kioo kikae mbali kama urefu wa mkono. Miguu inaning'inia? Weka boksi chini. Kiunoni kunja kanga uiegemee, usicheke, mimi mwenyewe nilikaa na kanga ya mke wangu mwaka mzima.

Halafu kuna kukaa kwenyewe. Tuseme umetoka Mbagala alfajiri umebanwa kwenye siti ya daladala, umefika umekaa, mchana umeletewa chipsi mezani ukala hapo hapo, jioni foleni tena, yaani siku nzima umesimama labda dakika arobaini. Kila nusu saa inuka hata kama ni dakika moja, simu pokea umesimama. Pale kwetu printa tuliihamishia koridoni kwa makusudi, watu walinuna wiki nzima wakazoea.

Ila ukiona ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, na usiku inakuamsha, hiyo usiibembeleze na rimu za karatasi, nenda hospitali, huenda neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Kuhusu bosi, nitamgusa kwenye swali la nne.

Macho yanawasha na kutoa machozi ikifika saa nane mchana. Nimebadilisha miwani haijasaidia. Niko Mikocheni, nakaa chini ya AC.

Umejijibu mwenyewe ndugu yangu. Mtu akikodolea kioo anapepesa macho mara chache kuliko kawaida, jicho linakauka, sasa wewe juu ya hapo una AC inakupuliza usoni. Geuza vile vibao vya AC upepo uende juu au uhamishe meza. Angalia na dirisha pia, likiwa nyuma yako mwanga unapiga kwenye kioo, likiwa mbele yako unashindana na jua la Dar na hulishindi, dirisha likae ubavuni. Na kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20. Wenzetu wa maghorofa ya mjini wana bahati, wanatazama pantoni inavuka kwenda Kigamboni.

Ofisi yetu ina soketi chache. Ekstensheni moja ina kompyuta tatu, birika la umeme na maikrowevu. Kuna hatari au naogopa bure?

Huogopi bure hata kidogo. Tupige hesabu ya haraka: plagi ya kwetu ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13 ikizidi sana, umeme wetu ni volti 230, zidisha unapata kama wati 3,000, hapo ndio mwisho wa ekstensheni nzima. Birika la umeme peke yake mara nyingi ni wati 2,000, maikrowevu 1,200, umeshapita na kompyuta bado hatujazihesabu. Watu wananiambia mbona fyuzi haijakatika. Fyuzi haikatiki pale pale ukizidisha kidogo, inavumilia muda mrefu, na huku nyuma waya unapata moto taratibu, hasa ukiwa umeuviringisha au umeuficha chini ya zulia ili ofisi ipendeze. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi tulisikia harufu ya plastiki siku mbili, kila mtu anamsingizia mwenzake chakula, siku ya tatu tukafunua zulia tukakuta waya umeyeyuka umegandana na sakafu. Bei ya lile zulia ingetosha soketi nne.

Kwa hiyo birika na maikrowevu viende kila kimoja kwenye soketi yake ya ukutani, visiwashwe pamoja kwenye waya mmoja, ekstensheni ibaki ya kompyuta. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Na mtafuteni fundi umeme mwenye leseni awaongezee soketi, sio yule kijana wa jirani anayejua kila kitu.

Na kama umeme ukikatika mnawasha jenereta, isikae koridoni wala karibu na dirisha, ule moshi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua.

Niliteleza kwenye marumaru iliyopigwa deki, nikaangukia mkono. Utumishi wananiambia ofisi sio kiwanda, hakuna fidia. Ni kweli?

Si kweli, na hili linaniudhi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inasema mahali pa kazi, haijasema kiwanda tu, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanakagua maofisi kama wanavyokagua karakana. Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi 2015, unahusu sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara, na anayechangia ni mwajiri, kwenye mshahara wako haikatwi hata senti. Ofisi inayokuambia hakuna fidia ama haijui ama haijasajili watu wake. Andika ripoti kwa maandishi leo hii, tarehe, saa, mahali, nani aliona, mpe mwajiri na nakala ubaki nayo, hospitali sema wazi uliumia kazini ili daktari aandike hivyo. Wakikuzungusha nenda WCF mwenyewe.

Na bosi wa yule dada wa Posta naye asome hapa, kumkinga mfanyakazi asiumizwe na kazi ni jukumu lake, na kiti ni kifaa cha kazi kama kompyuta, hakuna anayeambiwa aje na kompyuta yake.

Mlango wa dharura umefungwa kufuli sababu ya wezi, ufunguo anao mlinzi. Tufanyeje?

Kufuli litoke. Tafuteni kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo na nje hakifunguki, mwizi hapiti na nyinyi mnatoka, maana moto ukiwaka mlinzi anaweza kuwa kwa mama ntilie. Toeni na yale maboksi ya mafaili kwenye ngazi. Mtungi wa kuzimia moto uangalieni leo, mshale uwe kwenye kijani, ila ule wa gesi ya kaboni dioksaidi hauna mshale, unapimwa uzito. Vifaa vya umeme vinataka huo wa gesi au wa unga, maji hapana. Lifti msiguse. Namba ya zimamoto ni 114, ibandikeni ukutani pale kwenye birika, kila mtu anapita hapo.