Kuhusu katheta ya mshipa mkuu: kwa nini urudishe proba kabla ya dailata

Mkuu, umeuliza kuna haja gani ya kurudisha proba ya ultrasaundi shingoni kabla ya dailata (mrija mgumu unaopanua njia ili katheta, yaani mpira wa dawa, upite), ikiwa umeshaona sindano ikiingia kwenye vena, mshipa unaorudisha damu moyoni. Mimi ni daktari wa usingizi, ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ndiyo kwangu, na kama ningeruhusiwa kuangalia skrini mara moja tu, ningechagua hapo.

Sindano nyembamba ikichoma karotidi, ateri kubwa iliyo jirani na vena hiyo shingoni, unachomoa, unakandamiza, mara nyingi yanaishia hapo. Dailata ikiingia karotidi, usiichomoe kabisa. Iache ilipo, mwite mpasuaji wa mishipa.

Tatizo ni kwamba ukiutazama mshipa kwa upana kwenye skrini, ile nukta nyeupe ya sindano inaweza kuwa sehemu yoyote ya sindano. Ncha yenyewe huenda imeshatoboa ukuta wa nyuma. Na ukimgeuza mgonjwa kichwa kupita kiasi, vena inalala juu ya karotidi. Kwa hiyo kichwa kigeuze kidogo tu, kisha uifuate ncha: sogeza proba mbele mpaka nukta ipotee, sukuma sindano mpaka itokee tena, hivyo hivyo mpaka ndani ya vena.

Rangi ya damu msiiamini, hasa kwa mgonjwa wa shoku. Presha ikiwa chini na oksijeni imeshuka, damu ya ateri hutoka nyeusi, tena bila kuruka.

Waya wa kuongoza dailata na katheta ukishaingia kupitia sindano, ufuate kwa proba kutoka ngozini hadi karibu na mtulinga, kwa upana kisha kwa urefu. Unataka kuuona umelala ndani ya vena, haujapenya upande wa pili. Usipouona vizuri, pitisha kanula ndogo juu ya waya, toa waya, unganisha mrija wa dripu safi uliotakaswa, acha damu iujaze kidogo, kisha uinue wima. Damu ya vena itashuka na kuchezacheza na pumzi. Ya ateri itapanda huku ikidunda. Haihitaji mashine yoyote, na kwa hospitali zetu nyingi hilo si jambo dogo.

Dailata yenyewe wengi huizamisha yote, sijui nani aliwafundisha. Kazi yake ni kufungua njia kutoka ngozini hadi kwenye vena, na kina hicho umeshakisoma kwenye skrini. Mkono usiachie waya, na moyo ukianza kurukaruka kwenye monita, vuta waya nyuma.

Mengine unayajua: kabla ya kunawa, bonyeza vena kwa proba pande zote mbili za shingo. Isiyobonyea ina damu iliyoganda, na kwa wagonjwa wa dayalisisi waliowahi kuwekewa katheta utakutana nayo sana. Kava za proba zikiisha, glovu tasa yenye jeli tasa ndani inasaidia, ila waya wa proba unabaki wazi, na ndio unaoburuzika kwenye shuka zako tasa. Ufunike pia.