Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Askari wa Miguu Bado Anatembea

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza katika barua yako: ikiwa jeshi lina mizinga, vifaru na ndege, kwa nini bado linamtuma askari wa miguu akazikabili risasi? Mimi nilikuwa mpiga mizinga, kwa hiyo utanisamehe nikianza na mizinga na kukawia hapo.

Mzinga hauteki mahali. Kazi yake ni kumfanya adui ajikunyate handakini mpaka askari wetu amfikie, na ugumu wote umo katika zile dakika chache baina ya kombora la mwisho kuanguka na mguu wa kwanza kukanyaga ukingo wa handaki. Tarehe 1 Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, karibu na mto Somme nchini Ufaransa, Waingereza walishambulia baada ya kufyatua makombora zaidi ya milioni 1.5 kwa muda wa wiki nzima. Mizinga ilipohamishia shabaha nyuma, Wajerumani walipanda kutoka mashimo yao ya chini kabisa na kuziweka tayari bunduki za rashasha, ilhali Waingereza walikuwa bado uwanjani, na mahali pengi seng'enge haikukatika. Siku hiyo moja waliouawa, kujeruhiwa au kupotea upande wa Uingereza walizidi 57,000. Sababu zilikuwa nyingi, yakiwemo makombora mengi yasiyolipuka, lakini jicho langu huenda kwanza kwenye zile dakika zilizopotea.

Dawa iliyopatikana ni ukuta wa moto unaotembea. Mfano ninaoupenda ni kijiji cha Hamel, huko huko Ufaransa, tarehe 4 Julai 1918, Waaustralia wakiongozwa na Jenerali John Monash, pamoja na kombania chache za Wamarekani. Makombora yaliangushwa yadi 200 mbele ya askari, kisha ukuta huo ukaanza kusogea yadi 100 kila baada ya dakika 3, nao wakaufuata kwa karibu kadiri walivyothubutu. Siku za kabla yake mizinga ilikuwa ikirusha moshi pamoja na gesi, hata Wajerumani wakazoea kuvaa barakoa kila wauonapo moshi. Asubuhi ya shambulio moshi ulikuja peke yake, na askari wa Monash wakawakuta wamefunikwa nyuso.

Mpiga mizinga wakati huo hamwoni adui. Anaitazama saa yake na jedwali lililoandikwa kwa penseli. Mtutu uliochakaa hutupa kombora karibu kuliko mtutu mpya, na baridi ya alfajiri hufupisha masafa. Yadi 100 za makosa, ambazo kwenye ramani ni upana wa ukucha, ndizo umbali wa kuwaua wenzako. Hata Hamel, makombora kadhaa yaliwaangukia askari waliokuwa wakingoja kuanza. Kila nilipofyatua nililikumbuka jambo hilo, na mpaka leo sipendi kusikia mtu akisifu mizinga kana kwamba haikosei.

Kuhusu vifaru, Waaustralia hao hawakutaka hata kuvisikia. Aprili 1917, katika kijiji cha Bullecourt, Ufaransa, walikuwa wameahidiwa vifaru vya kuwafungulia njia, navyo vikaharibika, vikachelewa au vikateketezwa, wakaachwa peke yao mbele ya seng'enge. Kwa hiyo kabla ya Hamel, Monash aliwapeleka nyuma ya mstari, batalioni kwa batalioni, wakakutana na wenye vifaru, wakapanda juu yake, wengine wakaruhusiwa kuviendesha. Naona kujuana huko kulifaa kuliko unene wa bamba la chuma. Watu 8 waliofungiwa ndani ya kifaru cha tani 29, katika joto na moshi wa injini, huona nje kupitia vitundu vyembamba tu. Wanamhitaji askari wa miguu awaonyeshe bunduki iliko, kama yeye anavyowahitaji wailalie seng'enge na kuiponda bunduki hiyo.

Ndege hazina maneno mengi. Usiku wa kuamkia shambulio la Hamel ziliruka juu ili mngurumo wake uifunike sauti ya vifaru vilivyokuwa vikijipanga, na kulipokucha ziliwashushia wapiga rashasha masanduku ya risasi kwa parachuti, zikatazama pia askari wamefika wapi na kuangusha habari hizo makao makuu.

Mpango wa Hamel ulikuwa wa dakika 90, ukamalizika kwa 93. Baada ya hapo vifaru vikarudi nyuma, na ndege zina kikomo cha mafuta. Usiku huo Wajerumani walirudi, wakaiteka tena sehemu ya handaki, na waliopambana nao gizani mpaka wakawatoa walikuwa ni wale wale waliokuja kwa miguu.

Ni mimi,
Baba yako