Maswali ya Wasomaji: Safari Imekwisha, Begi Bado Liko Nyuma ya Mlango

Swali: Ninakusalimu, Bi. Mwandishi, na ninakushukuru kwa safu hii. Mke wangu alipata kazi ya mkataba wa miaka 3 ng'ambo, nami nikaacha kazi yangu ili nimfuate. Badala ya kupanda ndege moja kwa moja, tuliamua kwenda taratibu kwa mabasi, treni na meli, na safari hiyo ilituchukua wiki 11. Sijawahi kuishi naye kwa furaha kama katika wiki zile. Mimi nilisoma ramani na kushika tiketi, yeye alitunza fedha na kuulizia malazi, na hata usiku ule tuliolala kwenye mabenchi ya stesheni kwa sababu treni ya mwisho ilikuwa imeondoka, tulicheka mpaka alfajiri. Sasa tuna miezi 4 tangu tufike. Asubuhi yeye huenda kazini, mimi hubaki ndani. Jioni tunagombana kwa mambo ambayo nikiyataja naona haya: nani aliondoka na ufunguo, kwa nini begi langu kubwa la safari bado limesimama nyuma ya mlango na koti limetundikwa juu yake. Yeye anataka liende stoo. Mimi kila nikiligusa huliacha. Usiku, akishalala, ninatazama picha za njiani. Je, ni ndoa yetu iliyoharibika, au ni huu ugeni? Turudi, au tuvumilie?
Aliyemfuata Mkewe

Jibu: Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye lile begi.

Nianze na swali lako kuhusu ndoa, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi. Katika yote uliyoniandikia sioni dalili ya ndoa iliyoharibika. Ninaona watu wawili waliotembea hatua moja kwa wiki 11, kisha mmoja akafika na mwingine hajafika. Njiani mlikuwa wageni kwa kiwango kimoja: katika kila mji mliouingia, hakuna kati yenu aliyejua basi linasimama upande gani wa barabara, na kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kazi ambayo mwenzake aliitegemea. Mlipofika, mkeo alikabidhiwa meza, ratiba, watu wanaomwita kwa jina lake na sababu ya kuamka, na wewe ukakabidhiwa ufunguo mmoja ambao mnaugombania. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wengi wetu tunauchukua msemo huo kuwa onyo kwa mgeni mvivu. Mimi niliyeishi ng'ambo miaka kadhaa nimejifunza kuusoma kwa upande wa pili, kwamba asiyepewa jembe hubaki mgeni siku zote. Mkeo alipewa lake wiki ya kwanza, nawe unalisubiri lako hadi leo.

Hali hii imeandikwa sana. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliizungumzia katika hotuba ya mwaka 1954 na katika makala iliyochapishwa mwaka 1960, akieleza kwamba mshtuko wa utamaduni hutokana na wasiwasi wa kupoteza zile alama ndogondogo tulizozoea: wakati wa kupeana mikono, namna ya kununua kitu, lini mwaliko ukubaliwe na lini ukataliwe, lini neno la mtu lichukuliwe kwa uzito na lini lisichukuliwe hivyo. Kabla ya ugumu huo, alisema, huja kipindi cha furaha kinachoweza kudumu kuanzia siku chache hadi miezi 6. Naye Sverre Lysgaard, mwanasosholojia wa Norwei, alichapisha mwaka 1955 uchunguzi wa Wanorwei wenzake zaidi ya 200 waliowahi kuishi Marekani kwa ufadhili wa masomo wa Fulbright, akakuta kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa wamezoea kwa shida kuliko waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi ya hapo. Usizigeuze takwimu hizo kuwa kalenda ya nyumba yako, kwa maana watafiti waliofuata walikuta watu ambao siku zao ngumu kuliko zote zilikuwa za mwanzo kabisa. Lakini kwa upande wenu ninaona jambo moja waziwazi: ile furaha ya mwanzo mliitumia njiani. Wengine huipata katika mji mpya, wakashangilia kila kitu kwa miezi kadhaa. Nyinyi mlikuwa mmekwisha kuila ladha yake katika miji ambayo mliiacha nyuma, na mji mnaoishi ukawapokea mkiwa mmechoka na mna la kuulinganisha nalo. Hakuna mtaa wa makazi unaoweza kushindana na wiki 11 za barabarani.

Sasa tuje kwenye makaratasi, ambayo watu huyadharau wanapozungumzia mapenzi, nami ninayapa uzito mkubwa. Nilipomfuata marehemu mume wangu ng'ambo, sanduku letu la barua pale chini ya ngazi lilikuwa na kibandiko chenye jina lake peke yake. Nilipita mbele ya kibandiko kile kila siku kwa miezi 7. Siku moja kaka yangu akaniambia kwenye simu kwamba barua aliyoniandikia imerudi kwake, imegongwa muhuri wa kusema mtu huyo hajulikani hapo. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa sababu ya kipande cha karatasi. Jioni ile mume wangu aliandika kibandiko kipya kwa mkono, jina langu likiwa juu, na ninakuambia kwa dhati kwamba tangu siku ile nilianza kuyatazama mazingira yale kwa jicho jingine. Kwa hiyo nenda katazame sanduku lenu. Tazama na mkataba wa pango, akaunti ya benki na bima ya afya; popote sheria inaporuhusu majina mawili, yawe mawili. Na chongesheni ufunguo wa pili kesho.

Halafu soma kibali chako cha ukaazi, chako wewe, neno kwa neno, kwa sababu nchi hutofautiana mno katika kile zinachomruhusu mwenzi aliyefuata. Uingereza, mwenzi wa mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote. Marekani, mwenzi wa mwenye viza ya H-1B, yaani viza ya kazi za utaalamu, hupewa H-4, ambayo peke yake haimpi ruhusa ya kazi. Tangu Mei 2015 baadhi yao wanaweza kuomba ruhusa hiyo, mwajiri wa mwenza wao akiwa amefikia hatua maalumu ya kumwombea ukaazi wa kudumu. Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya lipo agizo la mwaka 2003 kuhusu kuunganisha familia, linaloruhusu nchi kumwekea mwanafamilia masharti ya kazi kwa muda usiozidi miezi 12, na linalompa mwenzi haki ya kuomba kibali kisichomtegemea mwenzake baada ya miaka isiyozidi 5. Nimewahi kupokea barua za watu waliokaa ndani mwaka mzima wakiamini hawaruhusiwi kufanya kazi, kumbe ruhusa ilikuwa imeandikwa nyuma ya kadi waliyoibeba kwenye pochi.

Ikiwa ruhusa hiyo bado hunayo, lugha ndiyo kazi yako. Jiandikishe katika darasa lenye mwalimu, saa maalumu na wanafunzi wengine, kwa kuwa programu ya kwenye simu haitakuuliza ulikuwa wapi siku uliyokosa. Huko Ulaya viwango vya lugha vimepangwa katika ngazi 6, kuanzia A1 hadi C2, na mtu aliyefika B1 anaweza kujieleza katika mambo mengi ya kila siku. Jipangie ngazi moja na tarehe ya mtihani wake. Kufua na kupika ni wajibu wa nyumba, mgawane kwa haki, lakini usikubali kazi hizo ziwe ndizo jembe lako lote, maana hazitakutoa nje ya mlango ule.

Kuhusu begi: nadhani yeye analiona kuwa takataka inayoziba njia, na wewe unaliona kuwa shahidi wa wakati ambapo ulikuwa mtu wa kutegemewa. Pengine pia anaogopa kwamba umeliacha hapo ili siku moja uondoke nalo. Mwambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, pamoja na zile picha unazotazama akiwa amelala. Hana habari nazo. Naye umpe nafasi ya kusema, kwa sababu mtu anayeshinda siku nzima akizungumza lugha ya watu na kujithibitisha mbele ya wageni hurudi nyumbani akiwa amekauka, na ukimya wake wa jioni unaweza kuwa uchovu mtupu. Kisha lifungueni begi pamoja, mtoe kila kilichomo, risiti na tiketi zilizokunjwa mziweke mahali mnapoziona, na lenyewe liende stoo. Siku yake ya mapumziko mkate tiketi mbili za treni mpaka kituo cha mwisho cha mji huohuo mnaoishi, wewe uzishike tiketi.

Suala la kurudi lisiamuliwe katikati ya ugomvi. Lipangieni tarehe, kwa mfano baada ya muhula mmoja wa lugha, na mpaka siku hiyo kila mmoja awe huru kutolitaja.

Swali: Mimi na mume wangu tumefunga ndoa mwaka huu, na tunahamia nchi atakayofanyia kazi. Tumetenga miezi miwili ya kutembea njiani. Wazazi wanasema tunachezea bahati, twende moja kwa moja. Tuzingatie nini?
Tunaofunga Mizigo

Jibu: Nendeni, binti yangu, na msiombe radhi. Hata mwili hufaidika: anayeruka kwa ndege kuvuka kanda nyingi za saa huhitaji takribani siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ndipo usingizi wake ukae sawa, na anayekwenda taratibu huzoea bila kujijua. Lakini njia ndefu ina masharti ambayo ndege ya moja kwa moja ingewaepusha nayo.

La kwanza ni cheti cha ndoa, kwa kuwa juu yake ndipo kitasimama kibali chako. Nchi zilizo katika Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 hukubaliana kupokea hati iliyogongwa apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha kwamba hati ni halali, na apostili hiyo hutolewa na mamlaka ya nchi iliyotoa cheti, wala si nchi mnayohamia. Ikiwa mojawapo ya nchi hizo mbili haimo katika mkataba, hati hupitia kwa kawaida wizara ya mambo ya nje na kisha ubalozi. Kwa vyovyote, fanyeni hayo kabla ya kuondoka, kwa sababu kuyafanya mkiwa mbali ni kuituma karatasi nyuma na kuisubiri. Hakikisheni pia jina lako limeandikwa herufi kwa herufi sawasawa katika pasipoti, cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa. Kama umebadilisha jina baada ya ndoa, libadilishe katika hati zote au usilibadilishe kabisa mpaka mtakapotulia. Hati halisi zikae kwenye mfuko unaobebwa mwilini, zisiingie kwenye buti la basi.

Mkipita Ulaya, hesabuni siku. Wageni wengi wa muda mfupi katika nchi 29 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, wanaruhusiwa siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na viza yenyewe inaweza kuwa na siku chache zaidi ya hizo. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Viza ya kuingia mara moja humalizika mnapotoka nje ya eneo hilo, hata kama mlitoka kwa matembezi ya siku moja. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, kwa kuwa cheti chake huanza kutumika siku ya 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 hakiishi muda maisha yote ya mwenye nacho. Zipo nchi zinazokidai hata kwa aliyesubiri zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa huo, na hivyo njia mliyopita ndiyo itakayoamua mlangoni.

La mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, na umelisoma katika barua iliyotangulia. Safari iishe wiki mbili kabla ya mumeo kuanza kazi. Muutafute mtaa pamoja, mpotee pamoja, mjue pamoja duka liko wapi na zahanati iko wapi, ili asubuhi atakapotoka kwenda kazini akuache katika mji unaoujua sawa na anavyoujua yeye.

Swali: Tulifika mwaka jana baada ya kuzunguka nchi nyingi. Kila tukialikwa, mume wangu husimulia safari ile tangu mwanzo hadi mwisho. Wenyeji husikiliza kwa heshima, lakini mimi nimechoka kuwa mpita njia. Nimwambieje bila kumwumiza?
Nataka Kuitwa Jirani

Jibu: Usimwambie mbele za watu, na usimwambie mkiwa njiani kurudi, maneno yakiwa bado ya moto. Mwambie siku nyingine, kwa upole, na umkubalie jambo moja: huenda safari ile ndiyo hadithi pekee anayoweza kuisimulia katika lugha ya wenyeji bila kukwama, kwa kuwa ameirudia mara nyingi. Mwombe asimulie kisa kimoja tu, kile kifupi, kisha amwulize mwenyeji wake swali kuhusu mtaa huo: nani aliishi nyumba ile kabla yenu, ule mti wa kwenye kona ulipandwa lini. Nawe kaa karibu naye umsaidie maneno akikwama.